Prufu za Kiswahili tunazozitupa ni somo la kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wenye magazeti, wachapishaji wa vitabu na wakuu wa taasisi zetu za Kiswahili kuhusu karatasi ambazo karibu sote huzitupa: prufu zilizosahihishwa, yaani kurasa za majaribio zinazosomwa na kurekebishwa kabla ya kuchapa.

Kazi yangu ni kusoma prufu. Nimeifanya miaka mingi katika viwanda vya uchapaji hapa Chang'ombe na kando ya Barabara ya Nyerere, tangu enzi tulipokuwa tukisoma wawili wawili, mmoja akiusoma mswada kwa sauti na mwenzake akifuata kwenye prufu kwa rula na kalamu nyekundu. Siku hizi nasoma peke yangu, na mara nyingi mswada umekwisha kupitishwa kwenye programu ya akili mnemba kabla haujanifikia. Magazeti yameandika sana kwamba programu hizi sasa zinajua Kiswahili. Zinajua, sibishi. Ila zinajua Kiswahili kipi, na zimekipata wapi, hilo sijaliona likiandikwa kwa uzito unaostahili.

Nitoe mfano mmoja. Nililetewa kijitabu cha mafunzo ya useremala. Tahajia ilikuwa safi, nukta mahali pake, aya zimekaa vizuri. Lakini kila palipotakiwa randa paliandikwa "kifaa cha kulainisha uso wa mbao", na palipotakiwa msasa paliandikwa "karatasi ya mchanga". Fundi wa Keko akikisoma atadhani kimeandikwa na mtu asiyewahi kuingia karakana, na atakuwa amedhani sawasawa. Nilivuka barabara nikaenda kuwauliza mafundi wenyewe, nikarudi na majina ya vifaa vyote. Yote wanayo. Wanayasema kutwa, ila hayajaandikwa mahali ambapo kompyuta ingeyakuta.

Ndani ya programu hizi kuna modeli ya lugha. Hiyo, kwa ambaye hajapata kuelezwa, ni mtambo wa kubashiri: inapewa maneno yaliyotangulia, inakadiria litakalofuata. Wazo lenyewe limeitangulia kompyuta. Mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi Andrey Markov alichukua herufi 20,000 za shairi refu la Pushkin akahesabu kwa mkono irabu na konsonanti, aone jinsi herufi moja inavyoitegemea ile iliyoitangulia. Mwaka 1951 Mmarekani Claude Shannon alieleza majaribio ya kuwapa watu maandishi ya Kiingereza wabashiri herufi inayofuata, moja baada ya nyingine, ili kupima ni kiasi gani cha lugha kinatabirika. Natamani sana hesabu ya Markov ifundishwe katika shule zetu kwa Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto wa darasa la sita mwenye penseli na ukurasa mmoja wa kitabu chake ataiona kanuni hiyo ikijitokeza mbele ya macho yake kabla ya kengele ya mapumziko. Akimaliza atakuwa ameushika msingi wa jambo ambalo watu wazima wanaliogopa kama uchawi.

Jaribio la Shannon tumelifanya kazini kwa rula. Nafunika mstari, naufunua kidogo kidogo, vijana wanaopanga kurasa wanabashiri. Nikifika "Kitabu kile kikubwa kilichopotea", hakuna anayehangaika kujua kitenzi kinachofuata kitaanza na nini. Ki- ya kitabu imerudi kwenye kile, ikarudi kwenye kikubwa, ikarudi kwenye kilichopotea, na itarudi kwenye kimeonekana. Mgeni anaweza kuona huo ni ubadhirifu wa silabi. Kwa msomaji wa prufu ndiyo kinga. Pakichapwa "kilichopotea limeonekana", jicho linakwama papo hapo, kwa sababu mashahidi wanne wamesema ki- na mmoja amesema li-. Lugha yetu imejiwekea ulinzi ndani ya sarufi yake, na kwa maoni yangu huu ndio utajiri ambao watafiti wa kompyuta wangepaswa kuukimbilia kwanza.

Kumbe modeli nyingi hazianzi na ki-. Hazianzi na mofimu kabisa, yaani vile vipande vidogo vya neno vyenye maana au kazi yake. Maandishi hukatwa vipande viitwavyo tokeni, na njia mojawapo inayotumika sana ilitokana na mbinu ya kubana mafaili aliyoitoa Philip Gage mwaka 1994. Mwaka 2016 Rico Sennrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliitumia katika tafsiri za kompyuta. Kompyuta inaanza na herufi moja moja. Inatafuta jozi inayokutana mara nyingi zaidi katika maandiko yote iliyopewa, inaiunga kuwa kipande kimoja. Inatafuta jozi nyingine, inaiunga. Inaendelea hivyo mpaka idadi ya vipande iliyopangwa itimie. Kama sehemu kubwa ya maandiko hayo ni Kiingereza, jozi zinazoungwa zitakuwa za Kiingereza, na Kiswahili kitakatwa kwa kisu kilichonolewa kwa ajili ya lugha nyingine.

Tazama neno "hawajatusomea". Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulichambua: ha- ya ukanushi, -wa- ya watenda, -ja- ya hali isiyotimia, -tu- ya watendewa, mzizi -som-, -e- ya kutendea, na -a ya mwisho. Sentensi nzima iko ndani ya neno moja, na kila kipande kina kazi yake. Mtambo uliofunzwa kwa wingi wa Kiingereza unaweza kulikata hawaj-atus-omea, vipande visivyo na maana kwa mtu yeyote wa kuanzia Tanga hadi Kigoma. Unaweza kuzoea na ukabashiri vizuri hata hivyo, kwa sababu umesoma mengi mno. Lakini unajifunza kwa shida kitu ambacho lugha ilikuwa tayari kuutolea wazi.

Na ugumu wenyewe unahesabika. Chukua mzizi huo mmoja, -som-. Viambishi vya mtenda tunavyo kama 15 ukijumlisha nafsi na ngeli. Vya njeo na hali tuhesabu 8 tu. Vya mtendwa tena kama 15. Zidisha upate maumbo 1,800, kabla hujakanusha, kabla ya kutendwa, kutendea na kutendesha, kabla ya -ye-, -cho- na -vyo- za urejeshi. Mengi ya maumbo hayo hakuna atakayeyatamka maisha yake yote. Ila litakalotamkwa, msikilizaji atalielewa hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia, kwa kuwa anajua vipande. Mtambo usiojua vipande unahitaji kuonyeshwa mifano mingi kuliko maandiko tuliyonayo.

Kuna gharama ya fedha pia. Kampuni nyingi zinazokodisha modeli hizi hutoza kwa tokeni. Maana ileile ikikatwa vipande vingi zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza, kijana wa Sinza anayetengeneza programu ya kuwajibu wateja wa duka analipa zaidi ya mwenzake wa London, na kumbukumbu ya mazungumzo yake inajaa mapema zaidi.

Niseme na juu ya ng', kwa sababu naandika kutoka Chang'ombe na jina hili limenitesa. Alama ile ya ritifaa ina sura zaidi ya moja ndani ya kompyuta: kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda, na kila moja ina namba yake. Kwa jicho la mtu ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na programu nyingine huichukua ile iliyopinda kuwa mwisho wa nukuu, ikalivunja neno hapo hapo. Mwaka mmoja tulichapa kitabu cha ufugaji kilichoandikwa na watu watatu. Ukitafuta "ng'ombe" kwa alama moja, sura nzima za mwandishi mwingine zilikuwa kama hazina ng'ombe hata mmoja. Wanaokusanya maandiko ya Kiswahili bila kulisawazisha jambo hili dogo wanaipa modeli ng'ombe wa aina mbili. Kulisahihisha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kwamba lipo.

Wapo walioanza na mofimu. Inanifurahisha na kuniuma kwa pamoja kwamba kazi kubwa kabisa ya namna hiyo ilifanyika Ufini. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa njia ya kuchambua maneno kwa kompyuta, akianzia na Kifini, lugha ambayo nayo hurundika viambishi kwenye neno moja. Mtu wa lugha kama hiyo hawezi kujidanganya kwamba neno ni kitu kinachokaa tu kati ya nafasi mbili. Mwenzake wa chuo hicho, Arvi Hurskainen, akaichukua njia hiyo, na kuanzia mwaka 1985 akawa anaijengea Kiswahili kichambuzi, kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la SALAMA. Pamoja nayo ikazaliwa Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, mkusanyiko wa maandiko ambao toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25, ikiwemo habari za magazeti na vitabu, kila neno likiwa limewekewa mzizi wake, ngeli yake na njeo yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, anayetaka kuona neno fulani lilivyotumika katika magazeti ya nchi yake anaelekezwa kwenye Benki ya Lugha ya Ufini. Wafini hawana kosa lolote. Walitunza tulichokiacha.

Sisemi nyumbani tulilala. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930, na kazi yake ndiyo iliyorithiwa na taasisi tunayoijua leo kama TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya chuo hicho cha Mlimani, ambayo ilitupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, na mwaka 2015 likatoa Kamusi Kuu. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Miaka ya karibuni vijana wa mtandao wa Masakhane, kutoka nchi nyingi za Afrika, wamekuwa wakiandaa data za lugha zetu kwa kujitolea, Kiswahili kikiwemo. Juhudi zipo. Kinachokosekana ni maandiko, na maandiko hayako mikononi mwa hao vijana. Yako mikononi mwenu ninyi wenye magazeti na sisi wachapaji.

Linganisha. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilifunzwa kwa tokeni zipatazo bilioni 300, nyingi mno za Kiingereza. Kongoo ya Helsinki niliyoitaja ni maneno kama milioni 25. Hata ukikubali kwamba tokeni na neno si kipimo kimoja, pengo ni zaidi ya mara elfu kumi. Yapo maandishi mengine ya Kiswahili kwenye intaneti, lakini anayeyapitia atakutana sana na habari za siasa na michezo, maandiko ya dini yaliyotafsiriwa, na siku hizi kurasa nyingi zilizotafsiriwa na kompyuta yenyewe, ambazo modeli inazisoma tena ikidhani ni za watu. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alifundisha mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linalokaa nayo, na modeli hizi zimejengwa juu ya fikra hiyo. Sasa randa itajulikanaje ikiwa haijawahi kukaa na patasi na mbao ya mninga kwenye ukurasa wowote ulioingia kompyuta? Vivyo hivyo maneno ya wavuvi wa Feri na ya mafundi chuma wa Gerezani.

Nirudi kwenye prufu, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Prufu iliyosahihishwa ina kitu ambacho gazeti lililokwisha kuchapwa halina: kosa na marekebisho yake, pamoja, kwenye mstari mmoja. Mitambo ya kusahihisha lugha hufunzwa kwa jozi za namna hiyo hasa, sentensi yenye kosa na ileile iliyonyooshwa. Kwa Kiingereza watafiti walikusanya insha za wanafunzi pamoja na masahihisho ya walimu. Sisi jozi hizo tunazo kwa magunia. Zinaishia kufungiwa karanga na maandazi, nyingine zinachomwa nyuma ya kiwanda ili nafasi ipatikane. Na siku hizi zinazosahihishwa kwenye kompyuta zinafutwa mara faili la mwisho linapokwenda mtamboni.

Kwa nini zina thamani kuliko data ya kutunga? Kwa sababu makosa yetu hayafanani na makosa ambayo programu za kigeni zimezoea kuyatafuta. Programu hizo hudhani kidole kimeteleza kikagusa herufi ya jirani kwenye kibodi. Katika prufu zangu makosa mengi yanatoka sikioni na mdomoni. L na r zinabadilishana, mtu anapiga "kula" wakati wa uchaguzi. H inadondoka, hela inakuwa "ela". Dh inageuka z. Halafu yapo ya kuunganisha na kutenganisha: "kwasababu", "kwahiyo", "ijapo kuwa". Kosa la kula na kura hakuna orodha ya maneno itakayolikamata, maana yote mawili ni maneno halali. Linakamatwa na anayesoma sentensi nzima, na mtambo utaweza kulikamata ukiwa umeona maelfu ya watu wakilifanya na maelfu ya kalamu nyekundu zikilirekebisha.

Hapa natoa tahadhari kwa wenzangu wa kazi. Si kila kilichopigwa wino mwekundu ni kosa. Mwandishi wa Unguja akiandika "nyengine", mimi hubadili kuwa "nyingine" kwa sababu ndiyo kawaida ya mchapishaji, lakini hakukosea Kiswahili. Prufu zikikabidhiwa kwa watafiti, masahihisho ya aina hiyo yawekewe alama yake, la sivyo tutaifundisha kompyuta kuwafuta Wapemba na Waunguja katika lugha yao wenyewe. Kazi hiyo ya kuweka alama haiwezi kufanywa na mtu asiye Mswahili, na ilipwe.

Kuna watakaosema hili ni jambo la wasomi na linaweza kungoja. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Nyaraka ni nyingi, na watu watazipitisha kwenye programu hizi, wawe wameruhusiwa au la. Kati ya "alimpiga" na "hakumpiga" tofauti ni silabi mbili tu za mwanzo. Sitaki silabi hizo zikadiriwe na mtambo uliojifunza kukanusha kwa lugha nyingine.

Ninachoomba si kila kitu kimwagwe kwenye intaneti. Waandishi wana haki zao, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ikae na wachapishaji waandike masharti: nani atatumia, kwa utafiti au kwa biashara, na wa biashara atalipa nini. Matangazo ya misiba, majina ya watoto na habari za kesi yaondolewe au yafichwe, kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mlezi wa hazina hiyo ya prufu na maandiko awe taasisi ya umma. Kwangu mimi TATAKI ndiyo inayofaa, maana inao wanaisimu na iko jirani na wenzao wa kompyuta pale Mlimani. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge, ambayo kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha kuzungumzwa na watu wa mikoa yote, zingeingia humo kuwa za kwanza, kwa sababu ni mali ya umma tayari.

Kwa upande wetu wa uchapaji, jambo ni dogo zaidi. Faili la mswada kabla ya kusahihishwa lisifutwe, liwekwe pamoja na la mwisho kwa jina moja na tarehe. Prufu za karatasi zifungwe kwa kamba kwa mwezi na mwaka. Niko tayari kuwafundisha vijana wowote, wa chuo au wa gazeti, alama za usahihishaji zinavyosomwa, kwa sababu wengi wa kizazi hiki hawajaziona, na wazee wanaozisoma tunapungua.

Mhariri, chumba chako cha habari nacho kina wasomaji wa prufu na faili za miaka. Faili za kabla ya kusahihishwa mnaziweka muda gani kabla ya kuzifuta, na ni nani hapo mwenye mamlaka ya kusema zisifutwe tena? Ningeshukuru kujibiwa katika ukurasa huu, ili wachapishaji wengine nao wasome jibu.

Wako,
Msomaji wa prufu,
Chang'ombe, Dar es Salaam